Pikapu ya Baba Iliyouzwa Haijaisha

Nisiwafiche: nilitaka fundi yule aumbuke, tena mchana kweupe.

Miaka mitano alikaa na pikapu ya marehemu baba, ile ya Kifaransa ya zamani, gereji kwake mtaa wa Lizaboni. Niliipeleka ikiwa haiwaki, ila vitu vyake vyote vipo. Mama alikuwa na ombi moja tu: apande tena gari la mumewe, apelekwe kanisani. Kila nikienda naambiwa, "Dada, bado kidogo tu." Kidogo! Na kila nikienda kuna kitu hakipo. Leo altaneta, kesho kabureta. "Nimeazima tu, dada, kuna mteja alikwama." Mimi mjinga nikawa namwelewa.

Mama akafa hajapanda. Fundi akaja msibani, akala wali, akalia kunishinda mimi niliyefiwa. Loo! Nilimchukia pale pale, sahani yake ikiwa bado mkononi.

Nikatangaza kuiuza hivyo hivyo ilivyo. Akajitokeza mwalimu mmoja, mgeni kutoka Kagera, mpenzi wa magari ya kale. Alikubali kuichukua haijaisha, sharti vifaa vyake vyote viwepo. Sharti lile lilinifurahisha kuliko alivyojua.

Nikasubiri Jumamosi asubuhi, gereji imejaa. Nikasimama katikati na sauti yangu hii ambayo mama aliikemea maisha yake yote.

"Fundi! Altaneta yangu iko kwenye gari la nani hapa? Kabureta je?"

Akachekacheka. "Dada, tuongee pembeni."

"Pembeni nini! Vyangu uling'oa pembeni, utavirudisha hadharani."

Wateja wakaanza kufungua boneti zao, mmoja mmoja. Mwingine akauliza vya kwake vimeazimwa na nani. Fundi jasho likamtoka. Siku za mwizi ni arobaini, bwana. Nilisikia raha ambayo mpaka leo sijaiungama.

Vikapatikana vyote, ikabaki rejeta. Fundi akanyoosha kidole kwenye teksi moja chakavu. Akashuka mwenye teksi, mzee mpole, jirani yetu wa mtaa wa pili.

"Mimi niliinunua kwake, mwanangu," akasema. "Sikujua ni ya kwenu. Hata siku ile nampeleka mama yako hospitali, kumbe..."

Mzee yule ndiye aliyembeba mama mikononi kutoka kitandani hadi garini, akakataa hata hela ya mafuta. Watu wote wakanitazama. Fundi naye akanitazama, na nikaona anangoja nilegee ili apate kupumua. Nisingempa nafasi hiyo hata kwa dawa.

"Itoe," nikasema.

Wakaitoa. Pikapu ikaondoka ikivutwa kwa kamba, na kila kitu chake ndani. Haukuisha mwezi, wateja wakamrudia fundi. Mzee wa teksi sasa anatembea kwa miguu. Nikimwamkia shikamoo, ananiitikia vizuri kabisa, ananiuliza na habari za nyumbani.