Laki Thelathini na Sita, na Mtungi Kichwani

Leo nawasimulia nikicheka, lakini jamani, siku ile pale Kasongo nilitamani ardhi inimeze na kanzu yangu mpya.

Nilikuwa kijana, nimetoka Kabambare kuja kuposa, na baba yake Zaina alikuwa mwalimu wa mirathi, mtu asiyekupa binti mpaka ajue kichwani mwako mna nini. Basi alasiri moja, baraza limejaa watu, akanisogezea ubao wa kuandikia.

"Nipatie hesabu inayogawika kwa moja, kwa mbili, kwa tatu, hivyo hivyo mpaka kumi, pasibaki kitu."

Rahisi! Nikazidisha moja kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, nikaenda mpaka kumi (wino umenijaa ndevu, yaani zile nywele sita nilizoziita ndevu), nikatoa laki thelathini na sita, elfu ishirini na nane, mia nane. Wazee wakasema mashallah, mwalimu akatabasamu, na hapo ningenyamaza ningekula wali wangu kwa amani, lakini nikaongeza, "Na hakuna iliyo ndogo kuliko hii!"

"Una hakika, mwanangu?"

"Ikipatikana, nitabeba mtungi wa maji kichwani kutoka mtoni mpaka hapa!" (Mwanamume wa mji ule hakuonekana akifanya kazi hiyo.)

Nyuma ya pazia, alikokuwa akisuka mkeka, Zaina akasema polepole, "Baba, iko ndogo."

"Ngapi?"

"Elfu mbili, mia tano na ishirini. Mutu akishika kumi, mbili na tano ziko ndani tayari, ya nini kuzizidisha tena? Hata mkeka, rangi moja ikirudi kila mstari wa nne, nyingine kila wa sita, zinakutana kwa wa kumi na mbili, hazingoji ishirini na nne. Kumi mara tisa, mara nne, mara saba. Basi."

Nikagawa kwa saba, kwa nane, kwa tisa. Hakikubaki kitu.

Mtoni wanawake walicheka mpaka mmoja akanihurumia, akanisokotea kata ya majani ya kuwekea mtungi kichwani. Nilifika salama hadi mbele ya msikiti, ambapo mzee mmoja alinisalimu, na mimi, kwa adabu, nikainamisha kichwa. Mtungi ukapasuka miguuni pake, sote wawili tukalowa chapachapa.

Niliporudi barazani nimebeba vigae mkononi, mwalimu alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Zaina, unamtaka huyu?"

"Namtaka, baba. Hesabu nitamfundisha mimi."

Akanifundisha miaka mingi, jioni kwa jioni, vidole vyake vikiendelea kusuka, na mpaka leo, tangu Mungu alipomchukua, nikikutana na hesabu kubwa bado nageuka upande wake kumwuliza. Lakini neno "hakuna" sijalitamka tena. Nasema, "Mimi sijaiona," nanyamaza.