Kwaya ya Yaya Peke Yake

Treni ya Lubumbashi kwenda Kalemie haina siku yake. Inaondoka ikitaka, inasimama porini ikitaka, na abiria wanashuka kupika. Nililala juu ya mifuko ya mahindi ya watu nisiowajua, kompyuta yangu nimeifunga tumboni kwa shuka. Kalemie nilingoja meli hadi nikazoeleka sokoni. Meli ikanifikisha Uvira, na kutoka Uvira nikapanda lori. Tulipofika Luvungi wanajeshi walitushusha wote, wakatupekua, wakatuambia tupande tena. Kisha ikaja milima ya Ngomo, barabara nyembamba, upande mmoja jabali, upande wa pili hakuna kitu. Mama aliyekaa kando yangu alisali rozari macho wazi. Nilipomtazama akasema, “Miye nataka kuona fasi naenda.”

Nilikuwa naenda Bukavu kwa sababu dada yangu mkubwa alikuwa anakufa. Nilimwita Yaya tangu utotoni, ndiye aliyenilea. Mimi nilimaliza sekondari nikaanza kuzunguka, mji hadi mji, nikitengeneza muziki wa kompyuta kwa ajili ya matangazo ya maduka na harusi za watu. Yeye alibaki kwenye nyumba ya wazazi, juu Kadutu, mtaa wa mlimani, akaimba katika kwaya ya parokia hadi mwili ulipomkatalia ngazi za kanisa. Ugonjwa ulikuwa tumboni. Sauti ilikuwa bado ipo. Kwenye simu aliniambia, “Ukuje na mashini yako. Sitaki mutu wa kukuja kunililia, niko nabo wengi.”

Alitaka kitu kimoja. Kulikuwa na wimbo wa Kishi, lugha ya kwetu, ambao mama yetu aliuimba shambani, huko kijijini Walungu, wakati wa kupalilia maharage. Yaya alitaka auimbe yeye peke yake kwa sauti zote, za juu na za chini, mimi niziunganishe na kuweka ngoma zangu chini yake.

“Kwaya nzima ikuwe miye,” alisema. “Hakuna mutu wa kuchelewa repetisyo, mazoezi ni yangu peke yangu. Na wimbo usimupe mutu mpaka niseme imetosha.”

Tulirekodi asubuhi, kabla ya dawa kumlaza, godoro likiwa limesimamishwa ukutani ili kuzuia kelele za majirani. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanawe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alimshika mgongo ili apate pumzi. Lakini kompyuta yangu ilikuwa ya zamani. Nilipoweka sauti ya tano ilianza kukwaruza kama redio mbovu, na ya sita ikaifanya isimame kabisa. Sauti zilizobaki nilizirekodi moja moja, ila kwa kuziunganisha zote ilibidi nitafute mashine nyingine.

Huko Nyawera, chini mjini, kuna duka la kompyuta zilizotumika, zinazoletwa kutoka Dubai zikiwa bado na vibandiko vya ofisi za watu. Anayetengeneza muziki hachagui kompyuta kwa kuitazama. Kila sauti, kila mwangwi, kila ngoma, mashine inavipigia hesabu wakati uleule unaposikiliza. Ubongo wake ukiwa mzito, muziki unakatika. Inataka pia kumbukumbu pana ya kubeba vyote kwa pamoja, na diski ya haraka ya kuvitoa. Kwa hiyo nilibeba wimbo wetu kwenye flashi na kuufungua katika kila mashine, moja baada ya nyingine. Nyingi zilikwama. Mbili zilibaki mezani. Moja ilikuwa nyembamba, na ilifika sauti ya saba tu. Nyingine ilikuwa kubwa, ya watu wa michezo ya video, chaja yake nzito kama tofali. Hiyo ilibeba sauti zote na ngoma zote bila kukwaruza hata mara moja.

Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma, wa familia ya wachuuzi wa Uvira. Aliniangalia ninavyoishika ile kubwa.

“Ndugu yangu, unakaa wapi?”

“Kadutu, juu.”

“Juu-juu?”

“Juu-juu.”

“Hm. Twaa ile ndogo. Hii inakula courant ya umeme sawa mashini ya kusaga mihogo.”

“Ndogo inakwama kwa sauti ya saba.”

“Ikikwama utaingoja. Hii ikikosa chakula, utangoja nini?”

Nilicheka. Alipokuwa akisema, mimi nilikuwa naona taa ya nyumba yetu ya utotoni, kali na nyeupe hata mama aliizungushia karatasi ili tupate usingizi. Niliijaribu mashine mchana, dukani, kwenye jenereta, kama watu wote wa Bukavu wanavyojaribu kitu kabla ya kununua. Nikaichukua.

Jioni niliichomeka nyumbani. Balbu, ambayo siku zote hizo sikuitilia maanani, ilikuwa nyekundu kama kaa la moto linalozimika. Tangu nilipoondoka, mlima mzima umejengwa, na nyumba zote zimejining’iniza kwenye waya uleule wa umeme. Regileta, kisanduku cha kusawazisha umeme, ilipiga tak, tak, tak, ikazima. Nikachomeka moja kwa moja. Taa ya chaja ikawaka, ikapepesa, ikafa. Betri nayo ilikuwa ya zamani, ilidumu muda wa mahubiri ya padri mwenye haraka.

Yaya aliona yote kutoka kitandani. “Umeleta ngombe,” alisema, “kwa nyumba haina majani.”

Basi tukapanga hivi. Asubuhi nilishuka Nyawera na mashine mgongoni, mwenye duka akanipa stuli nyuma ya meza karibu na jenereta, bila kunikumbusha alichoniambia. Mchana nilipanda na wimbo kwenye simu. Yaya alisikiliza, akanirudisha.

“Hii mwangwi ni ya kanisa gani? Toa. Miye niko kwa shamba.”

“Ndiyo, Yaya.”

“Ngoma iko muzuri. Ongeza. Sauti ya tatu inakimbia, siku ile nilikuwa nachoka. Irudishe nyuma.”

“Kiasi gani?”

“Nitajua nikisikia.”

“Maman, acha tonton apumuzike,” mwanawe alisema, akinitetea mimi mjomba wake.

“Alipumuzika Lubumbashi.”

Kisha mafuta yalikosekana mjini. Barabara zilikuwa zimefungwa na vita, jenereta zikanyamaza, na duka likashusha mlango. Nilikaa kando ya kitanda, mashine nyeusi magotini. Yaya alikuwa anafungua macho na kuyafunga.

“Tayari?”

“Bado, Yaya.”

“Wewe uko na bado nyingi. Yangu imebakia kidogo.”

Alikufa alasiri, majirani wakitwanga sombe, majani ya mihogo. Watu wa kwaya walikuja kwenye kilio, wakaimba chini ya turubai. Walichelewa kuingia, kila sauti kwa wakati wake.

Mafuta yaliporudi nilishuka dukani. Mwenye duka alinipa pole, akawasha jenereta, akatoka nje. Niliirudisha sauti ya tatu nyuma kidogo. Nikasikiliza. Nikairudisha zaidi, nikasikiliza, nikaisogeza mbele. Mashine haikukwama wala kukwaruza. Ingenipa nafasi yoyote niliyotaka, na hakuna hata moja niliyoweza kusema ndiyo yenyewe.

Mpwa wangu, yule mwalimu, alitaka wimbo upigwe siku ya kutoa kilio, matanga yakiisha, ukoo ukiwapo wote. Nilikataa. Tukazungumza mara nyingi, kwanza kwa upole, halafu bila upole. Mwisho tukawa tunakula bila kusemeshana.

Siku niliyoondoka alinisindikiza hadi bandarini, kwenye meli ya Goma, akibeba mfuko wangu.

“Tonton, ule wimbo.”

“Mama yako hakusema imetosha.”

“Hakusema sababu alikufa.”

“Angeweza kusema bado inakimbia.”

“Basi nipe ile yenye inakimbia. Ni mama yangu. Miye sisikii kosa.”

Nilimwambia hapana. Aliniangalia kama mtu anayetafuta kwenye uso wangu yule mjomba aliyesimuliwa na mama yake. Kisha akaweka mfuko wangu chini kwenye saruji, akapanda mlima kurudi shuleni kwake. Hakungoja meli iondoke.