Kopo la Zainabu

Jumanne, tarehe 7 Oktoba. Asubuhi ukungu, kufika saa nne jua kali na upepo wa vumbi jekundu.

Naandika nikiwa bado na aibu, maana leo nimepiga kelele kama mwendawazimu uani kwa mama mkwe wangu, mbele ya wanawake sita, na kosa ni langu (nimejaribu kumtafuta mwenye kosa mwingine, sikumpata).

Mke wangu Zainabu alikuwa na kisukari, akijichoma insulini asubuhi na jioni, na nesi wa zahanati yetu hapa Mkunya alitufundisha sindano zilizotumika tuzitie kwenye kopo gumu la plastiki, likikaribia kujaa tulifunge tumpelekee zikachomwe, tusitupe jalalani wala chooni. Zainabu alichagua kopo la mafuta ya kupikia, akabandika plasta juu yake na kuandika kwa wino mzito. Alipofariki mwaka jana kopo lilikuwa nusu. Nesi alinikumbusha mara mbili, nami nikamjibu, "Bado halijajaa." Nani wa kulijaza? Lakini ndivyo nilivyosema, likakaa juu ya kabati, na siku nyingine nililishusha, nikalifuta vumbi, nikalirudisha.

Juzi nikamkuta mwanetu Fatu, ana miaka sita, kapanda kiti analitikisa. Nikaona basi, ujinga wangu sasa utamuumiza mtoto.

Sasa, siku ya kulipeleka ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa na korosho za kukaanga za kumpelekea mama mkwe Chiungutwa, nazo nimezitia kwenye kopo la mafuta kama lile lile (kwetu makopo hayo hayatupwi). Niliona haya kupita njiani na sindano za marehemu, watu waniulize, nikalizungushia gazeti na kamba. Halafu nikaona zawadi ya mkwe nayo haiendi uchi, nikaizungushia gazeti na kamba. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mzigo mmoja nikampa Baba Asha, dereva wa bodaboda aliyekuwa anashuka Masasi na abiria kupitia huko, mwingine nikaupeleka zahanati.

Nesi hakufungua, na alifanya sawa, kopo la sindano halifunguliwi. Mhudumu akavaa glavu nene, akalitia kwenye tanuri la taka lililokuwa linawaka. Nikakaa kwenye benchi nje natazama moshi, namuaga Zainabu kimoyomoyo. Kwanza ikaja harufu ya plastiki. Halafu ikaja harufu ya korosho.

Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja akasema, "Nesi, leo dawa zenu zinanukia, mie nipe dozi mbili!" Watu wakacheka.

Mama mkwe hana simu. Nikampigia Baba Asha.

"Nimeshamkabidhi bibi mkononi," akasema. "Ana wageni, wote wanangoja kutafuna."

Nikapanda bodaboda nyingine, na njia nzima nikawa naona vidole vya mama ndani ya lile kopo. Tulipofika sikungoja isimame vizuri, nikaruka, kandambili moja ikabaki barabarani, nikaingia uani napiga kelele, "Msifungue! Mna sindano humo! Msifungue!"

Wakanitazama. Kopo lilikuwa mapajani mwa mama, gazeti limevuliwa, kifuniko bado kimefungwa.

"He, mkwe!" akasema shangazi yake Zainabu. "Ulitaka kututafunisha sindano? Tungekuita mchawi mpaka Newala wasikie."

Na wangekuwa na haki, nisiwaonee.

"Shikamoo, mama," nikasema, nimeshachelewa.

"Marahaba, baba. Hawa wamenisumbua nifungue, nimekataa." Akapitisha kidole juu ya plasta. "Kusoma sijui, lakini mwandiko wa mwanangu naujua. Nikasema, Zainabu kafunga mwenyewe, afungue nani? Kaandika nini?"

Nikasoma. "Sindano zangu. Msiguse, mtaumia."

Mama akacheka kidogo, halafu akajifunika kanga usoni.

Aliomba abaki nalo. Nilitaka kumkubalia, maana mimi mwenyewe nimelifuga mwaka mzima, nimkatalie kwa uso gani? Nikamwambia, "Mama, yeye mwenyewe kasema msiguse." Akanisogezea kopo. Nikaibandua plasta kwa kucha, polepole, ikatoka nzima, nikambandikia ndani ya kifuniko cha sanduku lake la nguo. Kopo nikarudi nalo bila gazeti, kila mtu akiliona.

Nesi alilipokea, akaniangalia. "Na hili, Baba Fatu, umelitia chumvi?"

Sitaficha tena kitu cha hatari kwa kuona haya, wala sitakiweka ndani kwa sababu nampenda aliyekiacha. Sijui kama nimelisema vizuri. Juu ya kabati pamebaki duara lisilo na vumbi, na leo sikupafuta.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na kisamvu. Fatu aliuliza korosho ziko wapi, nikamwambia zimekwenda kwa mama yake.