Chumba Asichoingia Mkwe

Mpaka anakwenda kaburini, Dafrosa hakukalia kiti cha mtu kabla ya kukipapasa. Alikaribishwa, akashukuru, akainama kama anayeweka sawa kitenge chake, kumbe vidole vinapita chini ya kiti, pale ubao unapokutana na ubao. Kisha alivitazama vidole. Vikiwa safi, alikaa. Visipokuwa safi, alisema mgongo unamsumbua, leo atasimama tu. Hata kanisani alipapasa benchi kabla ya kupiga magoti, na padri mmoja mgeni aliwahi kumuuliza kama amepoteza rozari. Wengine pale kijijini Kasokola walicheka, wengine waliona ni dharau. Msibani tu ndipo alipokaa kama watu wengine, moja kwa moja kwenye mkeka, kwa sababu kupapasa au kukung'uta mkeka mbele ya wafiwa ni kuwaambia kwamba nyumba yao ni chafu, na hilo hata yeye hakuthubutu.

Siku Mariana alipoletwa kwake kama mke wa mwanawe Amedeus, akitokea Kapalamsenga kando ya ziwa, mama mkwe hakuanza na uso wake. Alianza na begi. Lilikuwa lile begi la nailoni la mistari ambalo watu huliita shangazi kaja, na lilikuwa limesafiri juu ya gari pamoja na magunia ya dagaa na magodoro ya watu. Dafrosa aliuliza lililala wapi njiani. Mariana alieleza kwamba gari liliwaharibikia, wakaingia Mpanda mjini giza limeshashika, wakalala gesti karibu na stendi. Gesti gani? Hakukumbuka jina. Na begi je, aliliweka wapi?

"Kitandani, mama. Upande wa miguuni."

Dafrosa alilishika begi kwa ncha za vidole, akalitupa nje juani, na kabla bibi harusi hajapewa maji ya kunywa, nguo zake zote zilikuwa zimemwagiwa maji yanayochemka, pamoja na kitenge alichoshonewa na mama yake kwa safari hiyo. Kikachuja rangi.

Wifi yake Josefina, aliyeuza nguo mjini na kuja Jumapili, ndiye aliyemfafanulia. Mama yao alizaliwa Usevya kwa wakulima wa mpunga, akaolewa Kasokola, na marehemu mumewe alipoanza kuugua, yeye mama alikwenda kutandika vitanda katika gesti moja ya Mpanda mjini, jirani na stesheni ya treni. Kazi aliijua. Kila mgeni alipoondoka, aliinua godoro, akapitisha tochi kwenye mishono na kwenye chaga, akitafuta vile vitone vyeusi vinavyofanana na ncha ya kalamu. Halafu asubuhi moja mgeni alitoka chumbani shingo imevimba. Mwenye gesti hakutaka kusikia kwamba kunguni husafiri kwenye mizigo ya wasafiri. Alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema Dafrosa amewaleta kwenye kitenge chake kutoka kijijini. Mama akarudi nyumbani na jina la mleta kunguni, na likakaa naye miaka mingi.

"Tangu hapo mama anamshuku hata malaika," Josefina alisema. "Kwa hiyo wifi yangu usijione wa pekee."

Mariana alijaribu kutojiona wa pekee. Lakini mvua zilipokolea, aliamka siku moja na vipele mkononi, vimepangana kwa mstari kama vimeshonwa kwa cherehani. Alivificha kwa sweta. Aliendelea kuvificha hadi siku alipokuwa anatwanga kisamvu, jasho likamshinda, akakunja mkono wa sweta bila kufikiri. Mama mkwe alikuwa nyuma yake.

"Lete huo mkono."

Aliutazama kwa muda, akaupeleka kwenye mwanga, akaurudisha.

"Hawa ni wa begi lako."

"Mama, ulichemsha kila kitu wewe mwenyewe."

"Nilichemsha nguo. Begi nilianika tu, na jua haliingii kwenye mishono ya begi." Kisha akakunja mikono ya blauzi yake mwenyewe, akainyoosha mbele. Ilikuwa myembamba, haina hata kipele. "Mimi nalala nyumba hiihii. Mbona siumwi?"

Mama mkwe akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mtu kwamba chumvi imeisha. Amedeus alikuwa Inyonga kwenye tumbaku na angerudi msimu ukiisha. Akirudi aikute nyumba safi. Asipoikuta safi, Mariana atachukua begi lake na kurudi kwao. Jina la mleta kunguni yeye Dafrosa alilibeba mara moja mjini, na hatalibeba tena kwa ajili ya mtu wa ziwani.

Habari hazikukaa ndani. Zamu ya jumuiya ya kanisa kusali kwa Dafrosa ilipofika, wanawake walisema ndani kuna joto, wakaomba kusalia uani. Kulikuwa na manyunyu. Walisimama rozari nzima, sketi zimekusanywa magotini, na mmoja wao alikuwa amekuja na kigoda chake kutoka nyumbani. Hakuna aliyemtazama Mariana, na kila mmoja alihakikisha kwamba hamtazami.

Basi akaanza vita. Alifungua kitanda chake cha mninga kipande kwa kipande, akatoa nje chaga na matendegu, akamimina maji yanayochemka kwenye kila tundu na kila kiungo. Alifua shuka na neti kwa maji ya moto. Jua lilipotoka alilifunga godoro kwenye nailoni nyeusi, akaliacha limelala uani kutwa nzima lioke. Aliziba nyufa za ukuta kwa udongo, akakiweka kitanda mbali na ukuta, akahakikisha hakuna shuka linaloburuza chini. Alijua pia kwamba mara moja haitoshi, kwa sababu mayai hubaki na kuanguliwa baadaye, hivyo alirudia yote tangu mwanzo. Josefina alileta dawa ya kupulizia tumbaku, imetiwa kwenye chupa ya soda, lakini Dafrosa aliikataa hata isivuke kizingiti.

"Dawa ya shamba hailali na watu," alisema. "Na ukiwapulizia huku, wanapita ukutani wanahamia kule. Mimi nimewaona."

Siku chache zilipita bila kipele, na Mariana akaanza kula vizuri. Kisha vikarudi, safari hii begani.

Alikaa kitandani akiyatafakari maneno ya mama mkwe. Wanapita ukutani. Kama wanaweza kuhama kutoka huku kwenda kule, basi wanaweza pia kutoka kule kuja huku. Aliinuka akautazama ukuta vizuri. Upande wa dirisha ulikuwa safi. Upande wa sebule ulikuwa safi. Upande wa chumba cha mama mkwe, juu pale ukuta unapofikia boriti, kulikuwa na vitone vyeusi, vinateremka taratibu kuelekea kwake.

Chumba hicho hakuwahi kukiona ndani. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe, wala hagusi kitanda chake. Hata ufagio wa Mariana ulikuwa na mwisho wake, kwenye pazia. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyegeuka kuwa mpelelezi. Alimtazama mama mkwe akitoka chumbani asubuhi, akamtazama akiingia. Alijiuliza kama yule mama anajua na ananyamaza, na kama lengo tangu mwanzo lilikuwa kumrudisha ziwani. Alisikia aibu kuwaza hivyo, lakini aliendelea kuwaza.

Na humo chumbani, uvunguni mwa kitanda, ndimo ilimokaa mikeka ya jumuiya. Dafrosa alikuwa mtunzaji wa vyombo vya misiba: masufuria makubwa, turubai, na mikeka ambayo wanawake huilalia katika nyumba ya matanga. Mara ya mwisho ilikuwa imetoka kwenda msibani kwa mzee Kasimiri, jirani wa ng'ambo ya kisima. Mariana alikuwapo. Alikumbuka jinsi ilivyorudi: kwa kawaida mama mkwe huianika juu ya ua siku nzima na kuikagua mmoja mmoja, lakini siku ile mvua ilikuwa imefunga kila upande, mama mkwe akaisukumia uvunguni mwake ikiwa imekunjwa hivyohivyo. Vipele vyake vya kwanza vilikuja baada ya hapo.

Alisubiri mchana, mama mkwe akiwa anapepeta mpunga. Akapiga magoti kando ya ungo.

"Mama, nina neno, na naogopa kulisema."

"Sema, maana ukilibakiza litakuvimbia tumboni."

"Nesi wa zahanati ameniambia kuna ngozi ambazo kunguni anauma na hazivimbi. Mtu anaumwa asijue."

Ungo ulisimama. "Unataka kusema nini, binti wa ziwani?"

"Mikeka haikuanikwa, mama. Ilitoka kwa mzee Kasimiri, ikaingia kwako."

Dafrosa aliutua ungo polepole. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini sana. Alimuuliza kama anaelewa anachokisema. Mjane wa Kasimiri bado hajavua nguo nyeusi. Neno hilo likifika kisimani, watu watasema marehemu alikufa akiliwa na kunguni.

"Utakuwa umemzika mara ya pili," alisema.

"Sitamtaja mzee kwa mtu yeyote. Nataka tu kitanda kitazamwe."

"Kitanda changu?" Dafrosa alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mama mkwe wangu alikufa sijui hata rangi ya shuka lake."

Alijifuta makapi mapajani, akaingia ndani peke yake. Pazia likaanguka nyuma yake. Mariana alibaki amepiga magoti, akisikia godoro likiinuliwa, kisha chaga moja ikigonga sakafu. Alianza kufikiri atapitia njia gani kwenda stendi bila kukutana na watu.

Pazia likafunguliwa. Mama mkwe alikuwa ameshika tochi.

"Ingia," alisema. "Njoo na birika."

Mariana hakupenda kusimulia baadaye alichokiona kwenye mishono ya godoro lile, na kwenye kingo za mikeka iliyokuwa chini yake. Walifanya kazi pamoja hadi jua linazama. Maji yalichemshwa kwenye sufuria kubwa la misiba, mikeka ikatumbukizwa mmoja baada ya mwingine, na ile iliyooza kingo ikachomwa motoni. Kitanda kilibebwa nje vipande vipande mbele ya kila apitaye njiani. Baadaye wakarudia, na baadaye tena, mpaka hata macho ya Dafrosa yakakosa cha kushuku.

Kisha kukatokea msiba mwingine, na wanawake wa jumuiya wakaja kuchukua vyombo. Mwenyekiti wao alikuwa Eufrazia, mwanamke mcheshi asiyejua kunong'ona. Aliitazama mikeka, akauliza kama kweli haijalala chumbani kwa mke wa Amedeus. Wenzake walicheka wakiinamisha nyuso. Mariana alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi.

"Haikulala kwake," Dafrosa alisema. "Ililala kwangu. Na kunguni walikuwa kitandani kwangu mimi. Huyu mtoto ndiye aliyewatoa."

"Kwako?" Eufrazia alisema. "Wewe mpapasa viti?"

"Kwangu mimi mpapasa viti."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Dafrosa aliwaacha wamalize. Kisha akasema kwamba kuanzia sasa mikeka ikitoka nyumba yoyote, hata ya katekista, iloweshwe kwa maji ya moto kabla ya kuingia nyumba nyingine, iwe desturi ya wote, isiwe ya kumnyooshea mtu kidole. Walikubali. Lakini mikeka haikurudi tena kwake. Baada ya msiba ule ilikwenda kutunzwa kwa Eufrazia, hakuna aliyemwambia sababu, na yeye hakuuliza. Jina alilolikimbia tangu mjini lilimrudia uzeeni, na safari hii alikuwa amelipokea kwa mikono yake. Watu wa kwa Kasimiri hawakutajwa, wala siku ile wala baadaye.

Mariana hakuacha kujiuliza kama mama mkwe alikuwa amehisi mapema kwamba kunguni wako kwake. Mara nyingine alipomkuta amekaa peke yake karibu na jiko, alitaka kumuuliza, akaishia kuchochea kuni.

Amedeus aliporudi, alikuwa amepata kazi ya kudumu Inyonga kwa watu wa asali, na alitaka kwenda na mkewe. Asubuhi ya safari, Dafrosa alimsindikiza Mariana hadi barabarani. Hakumkumbatia, hakuwa mtu wa kukumbatia. Hawakuonana tena. Kiangazi kilichofuata homa ilimwangusha Dafrosa, na Mariana alipofika Kasokola wanawake walikuwa wameshatandika mikeka. Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwake ni yale ya asubuhi ile, pikipiki inanguruma, yeye ameshapanda, na mama mkwe amemshika goti ili asiondoke kabla hajamaliza.

"Watu wa Inyonga wanauliza sana," Dafrosa alisema. "Wakikuuliza unatoka wapi, usiseme ziwani. Sema Kasokola. Ndiko kwenu."