Jiko la Moshi Lisilotaka Mlinzi

Daktari wa macho pale hospitali ya Kabanga alikuwa mtu wa kuja, mwenyeji wa mikoa ya mbali, mpole, na aliongea na mke wangu kana kwamba mimi sipo. Alimfunua kope kwa kidole gumba, akamulika na tochi, akauliza, "Mama, unapikia kuni?"

"Nani hapikii kuni?" mke wangu akajibu.

"Kwenye moshi unakaa kwa muda gani?"

Mke wangu akanitazama. Nikamjibia mimi. Nilisema siku za kukausha nyama anakaa tangu asubuhi mpaka jioni, na siku za kukausha nyama ni tatu kwa wiki. Daktari akaizima tochi. Akasema jicho la kulia litapona kwa dawa ya matone. La kushoto, kama moshi utaendelea hivyo, yeye hawezi kuahidi kitu.

Hiyo ilikuwa mwaka 2013, mvua zikiwa zimekatika na vumbi la barabarani limeanza.

Mimi ni mtu wa Kasulu. Shule niliiona miaka miwili, wa tatu nikapelekwa kuchunga mbuzi na sikurudi. Nilicho nacho nimekitoa kwenye udongo. Nilifyatua matofali, nikayachoma, nikauza, nikafyatua tena. Nyumba nyingi za upande wetu wa mji, ukizibomoa leo utakuta alama za vidole vyangu kwenye tofali. Sijisifu, ni kweli tu. Mgongo ulipochoka nikafungua bucha, na bucha ndiyo iliyomweka mke wangu kwenye moshi. Wakati ule umeme wa mji wetu ulikuwa wa kuja na kuondoka. Nyama ikibaki, huna pa kuiweka. Yeye akaichukua, akaipaka chumvi na ndimu, akaitandaza juu ya kichanja cha miti jikoni na kuwasha moto chini yake.

Alifundishwa na mama yake. Mama huyo alivuka kutoka Burundi akiwa amembeba mgongoni, na huko porini walikopita, nyama ya moshi ndiyo iliyowafikisha. Siku hizi mke wangu ni Mtanzania mwenye karatasi zake, lakini nyama anaikausha kwa mkono wa mama yake. Walimu na watu wa ofisini walioletwa kwetu kutoka mikoa mingine walikuwa hawaendi likizo bila furushi lake. Nyama mbichi walinunua kwangu. Nyama ya moshi walisema, "Tunataka ya mama."

Tukiwa njiani kurudi kutoka Kabanga nilimwambia, "Nyama ya moshi tunaacha."

"Unaacha wewe," akasema.

"Hukumsikia daktari?"

"Nimemsikia. Na wewe nisikie. Nikiacha nyama nitakaa nafanya nini, nikutazame wewe? Kwa macho haya mabovu?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Namjua. Ningelivunja kichanja leo, kesho angelikwenda kukausha nyama kwa jirani. Nikaona dawa ni moja: nitafute jiko la moshi ambalo mtu analiwasha, analiacha, anakwenda zake.

Nilianza kwa fundi wa kuchomelea pale mjini, mahali wanapotengeneza mageti. Ni mtu mzima, ana kipara na maneno mengi.

"Shikamoo mzee wangu. Geti?"

"Marahaba. Sitaki geti. Nataka jiko la kukaushia nyama kwa moshi, lisilotaka mlinzi."

"Umefika. Pipa!" Akaligonga pipa lililokuwa nyuma yake. "Nalilaza, nalikata mlango, natia bawaba, wavu ndani, bomba la moshi juu. Na hapa mbele nakuwekea saa ya joto."

"Nani anakaa nalo?"

"Hakuna! Unatazama saa tu."

Kumbe hapo nilipaswa kumuuliza saa hiyo nani anaitazama. Lakini ile saa ilinivutia, ilikuwa na kioo na mshale mwekundu. Namba nazisoma vizuri, hakuna aliyewahi kuniibia kwenye namba. Nikalichukua pipa.

Mke wangu alilizunguka mara mbili. "Lina mlango," akasema.

"Eeh, lina mlango. Wa kuingizia nyama."

"Sawa."

Siku ya kwanza nilitoka bucha mchana, nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya pipa. Kila ukimaliza kuhesabu vidole vya mikono na miguu, yeye anafungua mlango. Moshi wote unatoka pipani unamwingia usoni. Hewa ikiingia, makaa yanashika moto, mafuta yanadondoka, ndimi zinapanda. Anamwagia maji, anafunga. Halafu, kwa kuwa ameona ndimi za moto, anakuwa na wasiwasi, anafungua tena.

"Mama, acha kufungua!"

"Nitajuaje inavyokwenda?"

"Tazama saa!"

"Saa imekula nyama lini, ijue imeiva?"

Kwenye kichanja moshi ulikuwa unampitia pembeni, sasa nilikuwa nimemnunulia bomba la kumpulizia machoni. Jioni ile jicho la kushoto lilikuwa jekundu kama nyanya. Nilimtia matone mwenyewe, moja moja, kwa mkono uliobeba matofali miaka yote ile.

Nikasikia habari za bwana mifugo mstaafu huko Kibondo, anayefuga nguruwe na kuwauza wakiwa wameshakaushwa. Nikapanda gari. Barabara ile wakati huo ukishuka lazima ujikung'ute hadi masikioni. Nilimkuta mwenyewe, mtu wa nyanda za juu kusini, karimu, akanikalisha na kunipa chai kabla hajaniuliza shida yangu. Kisha akanipeleka uani.

Alikuwa na kabati la mbao refu kuliko mimi, limejaa minofu inayoning'inia. Moto haukuwa chini yake. Moto ulikuwa kwenye shimo, hatua nne mbali, na moshi ulipita kwenye mfereji uliofunikwa mpaka kwenye kabati. Ukifika umeshapoa. Hapo nikavua kofia. Huyu alikuwa amefikiri.

"Mzee, hii ni kazi," nikamwambia. "Nani anakaa nalo?"

"Halina kazi. Kuni tu. Unaongeza kidogo kidogo, kila robo saa."

"Nani anaongeza?"

Akatazama upande wa jikoni. "Mama yupo."

Mama alitoka kutusalimia huku akifuta macho kwa ncha ya khanga. Sikuuliza zaidi. Nilishukuru kwa chai nikarudi Kasulu, na njia nzima nilikuwa nimekasirika bila kujua namkasirikia nani. Nadhani nilijikasirikia mwenyewe. Miaka mingapi nilipita pale jikoni kwangu nikasema "nyama inanukia vizuri" nikaenda zangu?

Mke wangu nilimkuta anachambua maharage uani, ungo ameusogeza karibu kabisa na uso. Nikamweleza habari za kabati, shimo na mfereji. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba watoto," akasema, "wewe tanuri la matofali ulikuwa unakaa nalo?"

"Tanuri? Tanuri unakaa nalo kazi gani? Unapanga, unawasha, moto ukishika unaziba midomo kwa udongo, unakwenda nyumbani kulala. Ukilifungua kabla ya siku zake, unaharibu."

"Ego," akasema. Kwao ndiyo "naam", na huwa analisema hivyo akishanikamata. "Tofali elfu ngapi umezichoma ukiwa umelala. Mguu mmoja wa mbuzi unakwenda kuuulizia Kibondo."

Ni vibaya mtu kufundishwa kazi yake mwenyewe na mtu anayechambua maharage.

Kesho yake nikaanza kujenga. Matofali yangu, udongo wangu, mkono wangu. Chumba cha nyama kimo cha kifua, paa la tofali, tundu dogo juu. Shimo la moto hatua tatu pembeni, na mfereji katikati kama nilivyoona Kibondo, sikuona aibu kuiba kitu kizuri. Mlango sikuuweka. Niliacha uwazi tu wa kuingizia nyama, ambao ningeuziba kwa tofali na udongo kila mara. Mtu hawezi kuchungulia kwenye ukuta.

Mara ya kwanza nikalijaza shimo magogo kama ninavyojaza tanuri. Nikawasha, nikaziba, nikaondoka kifua mbele. Jioni nikabomoa mbele ya mke wangu na dada yake aliyekuja kututembelea. Paja la mbuzi lilikuwa jeusi. Nililigonga kwa nyundo ya kukatia matofali, likalia kong.

Dada mtu akageuka kuangalia migomba. Mke wangu akaliinua, akaligeuza, akanirudishia.

"Limeiva vizuri," akasema. "Jengea choo."

Walicheka wale wanawake mpaka wakashikana. Nami nilicheka, baadaye. Nilikuwa nimechoma nyama kama tofali kwa sababu moto mwingine siujui. Yeye moto mdogo anaujua. Akakaa chini, akanieleza, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe nilimsikiliza juu ya moto bila kumkatiza. Kuni uache, akasema. Magunzi ya mahindi. Mama yake alitumia magunzi kila kingine kikikosekana, hayana ndimi, yanafuka tu, na moshi wake hauna uchungu.

Magunzi kwetu yanatupwa. Tuliyaponda, nikayashindilia shimoni kuzunguka mti mnene kama mpini wa jembe, kisha nikauchomoa mti, pakabaki tundu la kupumulia katikati. Kaa moja la moto chini. Midomo nikaziba kwa udongo, nikaacha nafasi ya kuingiza kidole kimoja, basi. Tulijaribu kwa vipande vya utumbo, ambavyo hakuna wa kuvililia. Mara ya kwanza magunzi yalizimika njiani. Mara ya pili niliongeza nafasi, vidole viwili, yakafuka tangu asubuhi mpaka jua linataka kuzama, bila mtu kuyagusa.

Ikafika siku ya kurudi kwa daktari. Mwalimu mkuu mmoja alikuwa anasafiri kesho yake na alikuwa ameagiza nyama. Mke wangu akataka kuahirisha Kabanga.

"Hatuahirishi," nikasema. "Tunaziba, tunaondoka."

"Na ikiungua?"

"Nitamlipa mwalimu mbuzi mzima, nimwombe radhi kwa magoti."

"Wewe? Kwa magoti?"

"Panda gari, mama."

Alipaka yeye mwenyewe udongo wa mwisho. Aliupapasa kwa kiganja, akarudi akaupapasa tena. Garini hakukaa vizuri. Tulipotoka mjini tu akasema anasikia harufu ya kuungua. Nikamwambia ni breki za gari. Hospitalini kwenye benchi alikuwa anatazama jua badala ya kusikiliza wanaita nani. Dereva wa kurudi aliposimama kupakia mkaa, mke wangu alimwambia, "Baba, wengine tuna vitu motoni," na watu wakamcheka kwa sababu hatukuwa na chungu wala sufuria.

Lakini nimeruka la daktari. Daktari alimfunua kope ileile kwa kidole kilekile, akamulika kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshika kofia yangu mpaka ukingo wake umepinda. Akasema, "Mama, umeacha moshi?"

"Sijaacha," mke wangu akajibu. "Moshi uko nyumbani, mimi niko hapa."

Daktari hakuelewa, lakini alicheka. Akasema wekundu unaondoka kwenye macho yote mawili, na la kushoto sasa anaweza kuliahidi, akiendelea hivyohivyo. Mimi nikatoka nje. Nilimwambia mke wangu nakwenda kukojoa. Nilisimama nyuma ya jengo, nikavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa tofali mbichi za siku nzima, ndipo nikarudi.

Tulifika nyumbani jua likiwa juu ya miti. Tundu la paa lilikuwa bado linatoa uzi mwembamba wa moshi wa buluu. Alitaka kuvunja udongo mara moja. Nikamwambia asimame upande wa upepo unakotoka, mbali, pale kwenye migomba. Alisimama. Nikavunja mimi, nikakaa pembeni mpaka moshi wote ukatoka, nikaingiza mkono.

Minofu ilikuwa imekauka, rangi ya udongo mwekundu uliolowa, na chumvi imetoka kidogo juu yake. Nikakata kipande nikampelekea kulekule alikosimama. Akakitafuna taratibu, kwa upande mmoja, kama anavyopima chumvi.

"Imepungua ndimu," akasema.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Pipa la fundi nililisimamisha, nikaliziba matundu, likawa la kuvunia maji ya paa, na ile saa ya joto niliing'oa nikaitundika ukutani buchani, wateja wakiniuliza ni saa ngapi nawaonyesha mshale. Tanuri la nyama bado lipo, limeongezwa mara moja. Mke wangu huliziba asubuhi, ananawa mikono, anakwenda Makere kwa dada yake, au kanisani, au anakaa tu barazani anashona. Siku moja mwaka uliofuata nilimkuta anatia uzi kwenye sindano. Aliutia kwa mara moja, kwa jicho la kushoto, la kulia amelifumba.

"Unanitazama nini?" akaniuliza.

"Nakutazama tu," nikasema, nikaenda bucha.