Jozi ya Nne Chini ya Kiti

Walimwita Hakiki, na jina hilo alilifanyia kazi. Ukimuuzia kiberiti, anawasha njiti moja palepale dukani kabla hajageuka. Ukimwambia mvua imenyesha, anatoka nje kugusa ardhi. Miaka kumi na moja alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda cha magodoro, na kazi ilimkaa kama shati la kupimiwa: kusimamisha malori, kuandika namba zake kwenye kidaftari, kuingiza chini ya gari kile kioo chenye mpini mrefu, kisha kumtazama dereva viatu. Uso mtu anaupanga, alikuwa akisema, lakini viatu anavisahau.

Sasa, ukifungulia malori geti miaka yote hiyo, mwisho unajiuliza yanakwenda wapi. Hakiki alijiuliza mpaka akajiandikisha chuo cha udereva. Alisoma siku zake za mapumziko, akafeli mara mbili kurudi nyuma na tela, mara ya tatu akapita. Alipotimiza miaka arobaini na moja alikuwa na leseni ya magari makubwa, akaifunga kwenye nailoni mbili kama kitovu cha mtoto. Akaaga kiwandani. Koti lake la ulinzi likavaliwa na mwingine siku hiyohiyo, kwa hiyo kurudi nyuma hakukuwepo tena.

Tatizo likawa lile linalowapata wote. Kila ofisi ilitaka uzoefu wa miaka miwili. Alipouliza uzoefu huo unapatikana wapi ikiwa hakuna anayempa gari, walimwangalia kama mtu aliyeuliza bei ya hewa. Alizunguka wiki tano. Mwishoni zikabaki sehemu mbili tu zilizokuwa tayari kumpokea mgeni wa kazi, na zote zikamwita Ijumaa, zikamtaka aamue ifikapo Jumatatu.

Kwanza alikwenda kwa Bosi. Mwanamume mnene, mwenye tabasamu lisilopumzika, na kabla Hakiki hajakaa vizuri tayari alikuwa "dereva wangu". Hakumuuliza uzoefu. Hakumpa gari alizungushe hata uani. Alimwambia tu Jumatatu kuna mzigo wa saruji, aje na nguo za kubadilisha, na leseni halisi aikabidhi kwa karani, itakaa kwenye droo ya ofisi, ndiyo utaratibu.

Hakiki akahisi masikio yanamwasha. Huwa yanamwasha akikaribishwa sana. Akaomba aone gari. Bosi akasema karibu, jisikie nyumbani.

Gari lilikuwa linaoshwa, maji yakichuruzika kila upande, chini tope tupu, hivyo kutazama uvunguni hakukuwezekana. Akapanda ndani. Usukani umevikwa manyoya mekundu, redio inang'aa. Akapitisha mkono chini ya kiti kama alivyozoea getini, akatoa kandambili. Si jozi moja. Jozi tatu: za bluu kubwa kama mashua, za kijani zilizolika upande mmoja, na nyeusi ndogo zenye kamba iliyofungwa waya.

Hakiki akazipanga juu ya kiti. Dereva wa safari ndefu akishika njia huvua viatu, anavaa kandambili, na akiacha kazi kitu cha kwanza kubeba ni hizo. Mtu mmoja anaweza kusahau. Watatu, miguu mitatu tofauti, gari moja? Akamuuliza Bosi. Bosi akacheka, akasema madereva wa siku hizi vichwa vimejaa simu.

Mchana akaenda sehemu ya pili. Huko alipokewa na mama wa makamo aliyevaa ovaroli, dereva wa zamani ambaye sasa anafundisha wapya. Wenzake walimwita Bi Mkanda kwa sababu hata gari likiwa limezimwa, ukikaa bila kufunga mkanda anakusema mpaka unajuta kuzaliwa na mabega. Aliichukua leseni, akaitolea nakala, akairudisha mkononi mwa mwenyewe. Kisha akamwambia masharti: miezi miwili atakaa kiti cha abiria, akimtazama yeye anavyoendesha. Usukani baadaye.

Masikio yakawasha tena. Miezi miwili kiti cha abiria, mtu mzima mwenye watoto pacha? Hakiki akaona wazi wanatafuta taniboi wa kupakia mizigo, wamempamba jina la dereva. Bi Mkanda akamwelekeza kwenye lori moja, akamwambia alizunguke, kisha amwambie alichoona. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, labda mengine yote yalikwisha kwenye mikanda.

Hakiki akatoa vifaa vyake. Vilikuwa kidaftari na kioo cha mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Ni kile kioo ambacho wateja hujitazamia wakijaribu gauni, na sasa kilikuwa kimefungwa kwa kamba kwenye mpini wa ufagio. Wateja wiki hiyo walijaribu nguo kwa kuulizana.

Akaanza. Nati mbili za tairi la nyuma zimelegea, zinazunguka kwa vidole. Akaandika. Taa moja ya breki haiwaki. Akaandika kwa nguvu zaidi. Waipa ya kushoto haina mpira. Kizimamoto hakina pini. Kifuniko cha tangi la dizeli hakipo. Kila alipoandika, damu ilimpanda kidogo. Akaingiza kioo uvunguni mwa tela, akaona mpira wa hewa wa breki umelala juu ya chuma, umesuguliwa mpaka nyuzi za ndani zinachungulia. Hilo likawa la sita, na hasira ikafika shingoni.

Akachana ukurasa, akamwekea Bi Mkanda mkononi.

"Mama, gari hili unampa nani, adui yako?"

Bi Mkanda alifungua mdomo kusema kitu. Hakiki hakusubiri. Akasema mbele ya mafundi wawili kwamba yeye amelinda geti miaka kumi na moja, na gari kama hilo asingeliruhusu hata liegeshwe karibu na godoro. Akabeba ufagio wake na kioo, akaondoka mwendo wa mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani mkewe alisikiliza yote huku pini zikiwa mdomoni. Alipozitoa, akampigia hesabu kama anayepima kitambaa. Kule kwa yule mama kuna gari bovu alilolishika kwa mkono wake. Kule kwa Bosi kuna nini? Ndara.

"Baba Pacha, ndara haijawahi kuua mtu. Breki zinaua."

Hakiki akasema kuna kitu pale. Mkewe akamkumbusha kwamba hata siku ya posa yao alisema kuna kitu, akachungulia chini ya kochi alilokalia mjomba wa bibi harusi. Hilo lilikuwa kweli.

Jumamosi simu ikaita, namba ngeni. Hakiki namba ngeni hapokei. Anaiandika kwenye kidaftari na kuiacha ijichoshe. Ikaita tena jioni. Jumapili ikaita mara mbili. Mkewe akamwomba apokee tu, huenda ni mtu wa maana. Akajibu kwamba mtu wa maana angetuma ujumbe kwanza ajitambulishe. Kufikia hapo alikuwa ameshaamua kwenda kwa Bosi, ingawa aliamua kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Mkewe akamnunulia kandambili mpya za kahawia, za kuanzia kazi.

Jumatatu asubuhi gari lilikuwa limeshapakiwa saruji. Bosi alikuwa na haraka, tabasamu lilelile. Karani alikuwa amesimama mlangoni na mkono umenyooshwa kusubiri leseni, na kitabu cha ukaguzi kimefunguliwa mkono wa pili: breki sawa, tairi sawa, taa sawa, kila mstari umeshawekewa tiki, kimebaki kidirisha cha sahihi ya dereva. Hakiki akasema kwanza aweke vitu vyake.

Akapanda, akatoa kandambili za kahawia, akainama kuzisukuma chini ya kiti. Zikagonga nyingine. Akavuta zote nje. Za bluu. Za kijani. Nyeusi za waya. Na za rangi ya chungwa, karibu mpya, zenye mchanga uliokauka kwenye nyayo.

Ijumaa zilikuwa jozi tatu.

Akashuka taratibu, akazunguka mbele. Bampa lilikuwa limepakwa rangi. Akaligusa, kidole kikarudi cheusi. Bosi akamwita kutoka ofisini, "Dereva wangu, saini basi, mzigo unangojwa." Hakiki akasema anakwenda kujisaidia kidogo, akanyoosha moja kwa moja hadi getini.

Mlinzi wa pale alikuwa mtu wa umri wake, na kidaftari mfukoni. Hawakuwa wanajuana, lakini walinzi wana namna yao. Hakiki akamwambia na yeye alikaa geti miaka kumi na moja, kisha akamuuliza mwenye kandambili za chungwa yuko wapi. Mlinzi akatazama ofisini, akatazama barabarani.

"Alilichukua Jumamosi. Breki zikamwishia mteremkoni, akaliingiza kwenye lundo la mchanga la watu wanaojenga. Akaja hapa peku kudai leseni yake."

"Akapewa?"

"Wakamtolea kitabu. Sahihi yake imo, breki sawa, kwa hiyo hasara ni yake. Leseni bado iko kwenye droo, ndugu yangu. Ziko nne."

Hakiki akapapasa mfuko wa shati. Nailoni mbili zilikuwa zimo. Akaomba geti, na mlinzi akamfungulia bila kuandika chochote. Alikuwa amefika kituo cha basi alipokumbuka kwamba kandambili za kahawia zimebaki ndani ya gari. Akafikiri kuzirudia. Kisha akafikiri atakayefuata, akiingiza mkono chini ya kiti, atahesabu tano. Akaziacha.

Kurudi kwa Bi Mkanda kulikuwa kugumu kuliko kurudi nyuma na tela. Alimkuta uani, akijifuta mikono na kitambaa, mafundi walewale wawili wakiacha kazi ili wasikilize vizuri. Hakiki akaanza kusema kwamba Ijumaa maneno yalimtoka vibaya. Bi Mkanda akamkatisha, akauliza simu yake ina ugonjwa gani, maana amempigia mara nne.

Hakiki akatazama chini. Akasema ile ilikuwa namba ngeni.

Bi Mkanda akachomoa mfukoni ule ukurasa uliochanwa, umekunjwa mara nne, una alama ya kidole chenye grisi.

"Wewe uliandika mangapi?"

"Sita, mama."

"Mimi nilitega matano makusudi. Kila mgeni nampa hayo matano, wengi wanaona mawili." Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Huu mpira wa breki sikuugusa. Hata mimi sikujua. Na gari hilo Jumamosi lilikuwa lisafiri na mimi."

Fundi mmoja akakohoa, akarudi kwenye kazi yake. Hakiki akajikuta anapapasa kidaftari mfukoni. Bi Mkanda akasema nafasi yake ameishikilia, lakini miezi miwili iko palepale, haipungui hata siku moja, na matusi ya Ijumaa atayalipa kwa kuosha vioo.

Akamfungulia mlango wa upande wa abiria. Hakiki akapanda, na kabla hajakaa mkono ukateleza wenyewe hadi chini ya kiti cha dereva. Akashika jozi moja. Akaitoa: kandambili za zambarau, kuukuu, kisigino cha mguu wa kulia kimelika mpaka kinapitisha mwanga. Mguu mmoja huohuo, miaka na miaka. Akapapasa tena hadi ukutani. Hakuna nyingine.

Bi Mkanda alikuwa ameshapanda upande wake, anamtazama.

"Ukimaliza na ndara zangu, funga mkanda."

Akafunga. Kisha akauvuta mara mbili, kuhakikisha.