Mto Ndani ya Darubini ya Picha

Kabla ya kuumia nilikuwa mtu wa miguu. Alfajiri niliwatoa ng'ombe wa baba zizini kule Litapunga, nikatembea nyuma yao mpaka jua linasinzia. Goti sikulifikiria kabisa.

Kisha dume mmoja akanibana kwenye nguzo ya zizi. Paja likavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Hospitalini Mpanda nilifungwa plasta ndefu ngumu ya kuunga mfupa. Ilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba, umepauka, unanuka, na goti limekakamaa. Daktari alisema lisipokunjwa sasa litabaki hivyo.

Baba alikuwa anajiandaa kuhamishia mifugo Mpimbwe kutafuta malisho. Akaniambia taratibu, "Ngosha, nyasi zimeisha. Usipotembea utabaki kwa shangazi yako kule Kashaulili."

Kila asubuhi Sista Yustina, muuguzi wa mazoezi, aliniketisha ukingoni mwa kitanda anikunje goti. Maumivu yalinipanda hadi kwenye meno. Nikaanza kusingizia homa.

Siku moja akaja na darubini ya plastiki ya kutazamia picha, kichezeo cha watoto wa Ulaya. Ukiiweka machoni, picha inapata kina: mlima unasimama mbali, nyasi zinakusogelea, wodi inapotea. Akaniambia nitembee humo. Nikatembea kwa macho, mguu ukining'inia tu. Akabadilisha picha. Nikaona mto mwembamba unang'aa, na ng'ambo yake malisho mabichi yasiyo na mtu.

Kwetu ng'ombe hawaingii majini mpaka mchungaji atangulie. Nikapiga mluzi. Nikasikia kwato zikisita nyuma yangu, naapa nilizisikia. Nikainua mguu nikanyage maji.

"Mwanangu," Sista akasema polepole, "goti limekunjika."

Maumivu yalikuja baadaye, nikayapokea. Mzee wa kitanda cha jirani akauliza kama ng'ombe wangu wameshavuka wote, au asogee wapite.

Tangu hapo niliuvuka mto ule asubuhi na jioni. Baba alipokuja kuniaga, nilimsindikiza hadi getini kwa fimbo, nikichechemea. Akalitazama goti, kisha akatazama pembeni.

"Tutakwenda kwa mwendo wako," akasema.

Namshukuru Mungu, namshukuru Sista. Nawe uliyelala na kiungo kigumu, usianze kwa kufikiria maumivu. Fumba macho, upaone unapotaka kufika, mpaka uone umande kwenye majani yake. Kisha inua mguu.